Shimo Refu la Mzee Hermenegildi

Mwishoni mwa miaka ile ya tisini, mtu wa Ifakara aliyetaka kujenga nyumba ya kupangisha alielekezwa kwa Mzee Hermenegildi wa mtaa wa Viwanja Sitini. Hakuelekezwa huko kwa sababu mzee alikuwa amefanikiwa. Alikuwa amekosea karibu kila kinachoweza kukosewa, tena bila haraka, baada ya kufikiri sana, na makosa ya mtu aliyefikiri yanafundisha kuliko bahati ya mtu aliyekurupuka. Mwenyewe hakuona ubaya. Alisema wapo wanaoacha mashamba na wapo wanaoacha ng'ombe; yeye ataacha tahadhari.

Alizaliwa milimani, Mahenge, Mpogoro kwa baba na kwa mama. Alishuka bondeni akiwa kijana, akawa karani wa stoo kwenye mashamba ya miwa mpaka akastaafu. Miaka yote hiyo alikaa kwenye nyumba za kambi, yaani alikuwa mpangaji, na katika fani hiyo alifika mbali. Wenzake walimfanya msemaji wao. Alisimama mbele ya wakubwa, akakohoa kidogo, akaanza: "Sisi kama wakazi, tunasikitika na kushangazwa." Alisikitika kwamba chokaa ya kuta ilikuwa hafifu. Kuta zilipopakwa upya alishangazwa na weupe wake, kwamba unaumiza macho ya watoto. Alipostaafu, kuhusu nyumba za kupanga alijua kila kitu, isipokuwa namna ya kukaa upande ule ambao malalamiko yanaelekea.

Kiinua mgongo kilipotoka, kaka yake mkubwa, Valentino, alishuka kutoka Mahenge kumshauri. Valentino alishauri shamba la mpunga. Nyumba ya kupangisha, alisema, ni kufuga watu, na mtu hachinjwi hata sikukuu. Hermenegildi alimsikiliza kwa heshima, akamsindikiza stendi, kisha akanunua kiwanja. Valentino aliacha neno moja tu nyuma yake: siku mambo yakiharibika, kuna chumba kwake nyuma ya jiko, na hatamtoza kodi. Neno hilo lilisemwa kwa upendo, na kwa hiyo halikusahaulika.

Nyumba ilisimama: ya matofali ya kuchoma, bati, korido katikati na vyumba sita, vitatu huku na vitatu kule. Viwili vilikuwa vya Hermenegildi na mkewe Theodosia, ambaye watu walimwita Mama Getrude kwa jina la binti yao aliyeolewa Mlimba. Vinne vilikuwa vya wapangaji. Na kwa kuwa mzee alikuwa mtu wa kusoma, alijiwekea kanuni. Mpangaji awe na kazi inayojulikana. Makubaliano yasemwe mbele ya balozi wa nyumba kumi. Na kubwa kuliko zote, asipangishwe ndugu, kwa sababu ndugu ukimdai kodi anakuuliza habari za mama yako.

Kwa kanuni hizo alimpata Balbina, muuguzi, binti wa watu wa Ulanga, msafi, mwenye godoro moja na misimamo mingi. Akampata Obadia, fundi baiskeli kutoka upande wa Njombe, mtu asiyeongea kabla ya kukaza nati. Na vyumba viwili vilivyobaki, kimoja cha kulala na kimoja cha kuwekea magunia, akampa mnunuzi wa mpunga aliyeitwa Salvatory, Mngoni wa Songea.

Hapo mzee alijipongeza. Mngoni si ndugu wa Mpogoro hata ukipanda mpaka kwa mababu wa mababu. Kitu alichokisahau, na ambacho mtoto yeyote wa Mahenge angemkumbusha, ni kwamba Mngoni na Mpogoro ni watani. Mababu zao walipigana mpaka wakachoka, kisha wakakubaliana kwamba wajukuu watatukanana badala ya kuuana. Mtani huchukua kuku wako uani akakushukuru kwa kumfuga vizuri. Na ukikasirika, wewe ndiye mwenye makosa. Ndugu angalau unaweza kumnunia.

Siku ya kuhamia, Salvatory alishusha magunia yake, akatazama nyumba toka bati mpaka msingi, akamgeukia Mama Getrude.

"Shikamoo mama. Huyu mtumwa wangu amenijengea vizuri. Anakula lakini?"

"Marahaba, baba. Anakula sana," alisema Mama Getrude, ambaye naye alikuwa Mpogoro na alijua mchezo. "Wenzako wanaokula panya wangemwonea wivu."

"Mtunze. Watumwa wa siku hizi wamekuwa adimu."

Tangu siku hiyo, mgeni yeyote aliyepiga hodi akiuliza mwenye nyumba, Salvatory alitoka akiwa na mswaki mdomoni na kumwambia aseme shida yake, mtumwa atatumwa. Kodi alilipa, tena mapema. Hilo ndilo lililomuumiza mzee zaidi: hakukuwa na hata sababu ya kumchukia.

Sasa twende kwenye shimo.

Mahenge kuna milima, na mtu wa milimani huchimba choo kirefu. Ni suala la heshima. Choo kifupi ni cha mtu anayepita. Hermenegildi alichimbisha choo cha nyumba yake mwezi wa kumi, wakati Ifakara yote imekauka na vumbi linakaa kwenye kope. Wachimbaji walishuka, wakashuka, mpaka ikabidi wavutwe kwa kamba. Kila jioni mzee alikwenda kutupia kokoto na kusikiliza. Alipoacha kusikia chochote, aliridhika.

Majirani vyoo vyao vilikuwa vya ajabu. Walivijenga juu ya tuta, na mtu akapanda ngazi kuvifikia kama anakwenda kwenye dungu kulinda ndege shambani. Cha Bibi Katarina, jirani wa upande wa kisima, kilikuwa na ngazi tano. Mzee alikitazama kwa huruma. Alidhani ni uvivu wa kuchimba, na kwa kuwa alikuwa mstaarabu hakumwambia. Bibi Katarina naye alitazama shimo la mzee kwa huruma hiyohiyo, akadhani mtu aliyesoma ana mpango wake, naye hakumwambia. Kwa hiyo adabu ilikuwepo pande zote mbili za ua.

Mwaka wa kwanza mvua zilikuwa chache na shimo likaonekana la mtu mwenye akili. Mwaka wa pili pia. Mwaka wa tatu zikaja mvua za Elinino.

Zilianza mwishoni mwa tisini na saba na hazikujua kupumzika. Kule Kivukoni mto uliacha kuwa mto ukawa bonde zima. Ifakara, ambako masika ya kawaida ukichimba kidogo unakutana na maji, sasa hukuhitaji kuchimba. Maji yalikuja yenyewe kukutafuta. Yalipanda kimyakimya kutoka chini, na kitu cha kwanza yalichokikuta kikiyangojea kwa kina na kwa heshima kilikuwa shimo la Mzee Hermenegildi.

Mtu wa kwanza kujua alikuwa Balbina, asubuhi, akijiandaa kwenda kazini. Alirudi uani akitembea polepole, akasimama mbele ya mlango wa mzee.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Nimeamka salama. Choo ndicho hakijaamka salama. Kimejaa."

"Hakiwezi kujaa," alisema mzee. "Unajua urefu wake?"

"Urefu wake tunautazama uso kwa uso, baba."

Mzee alikwenda kuangalia. Alisimama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kila kilichowahi kupelekwa chini kwa miaka mitatu kilikuwa kimepanda kuja kumsalimia mwenye nyumba.

Alirudi akawaambia wapangaji wawe na subira, kwamba mwezi wa sita maji yatashuka. Huo ulikuwa mwezi wa tatu, katikati ya Kwaresima. Obadia, ambaye hakuwa Mkatoliki, aliuliza kama mfungo huo unawahusu na Walutheri.

Kwa muda walikwenda kwa Bibi Katarina. Alikuwa mwema, lakini wema una ngazi tano tu. Watu wa nyumba nzima wakipanga foleni uani kwako alfajiri, hata mtakatifu anaanza kukohoa. Wiki ya pili alimwita mzee.

"Hermenegildi, mimi sijakufukuza. Ila watu wako wananisalimia 'shikamoo' nikiwa bado nimelala."

Mzee hakukaa bure. Alijaribu majivu. Akasikia mtu wa sokoni anasema pumba za mpunga hunyonya maji, na Ifakara pumba ni za bure, zimerundikwa kama vichuguu nyuma ya kila mashine ya kukoboa. Akakodi mkokoteni. Akaleta pumba, akamimina, akaongeza, mpaka shimo likafunikwa likaonekana kama kitanda kilichotandikwa. Alilala kwa amani. Usiku mvua ilinyesha. Asubuhi pumba zote zilikuwa zimeinuka, zimetoka mlangoni, zinatembea uani kwa utulivu mkubwa kuelekea barabarani, na hazikuwa zimetoka peke yake.

Mtu aliyekaa stoo maisha yake yote alipaswa kujua kwamba pumba zinaelea. Mzee alijiambia hivyo mwenyewe, akiwa na koleo mkononi na suruali imekunjwa magotini. Alijiambia pia kwamba kama angekuwa bado mpangaji, leo angetoa hotuba ya maisha yake.

Hotuba ilitolewa, ila si na yeye. Jioni ya Jumapili ya Matawi wapangaji walikuja wote watatu wakasimama koridoni. Balbina alikohoa kidogo.

"Sisi kama wapangaji," alisema, "tunasikitika na kushangazwa."

Mzee aliinamisha kichwa. Maneno hayo alikuwa amewafundisha mwenyewe, jioni nyingi, akiwasimulia ushujaa wake wa kambini.

"Mimi nimepata chumba karibu na soko," Balbina aliendelea. "Jumamosi Kuu ninahama. Siondoki kwa ubaya, baba. Nyumba yako nzuri. Lakini nashinda kutwa nawafundisha watu kunawa mikono, halafu narudi hapa kuruka pumba."

"Na mimi," alisema Obadia.

"Na wewe?" mzee alimwuliza Salvatory.

"Mimi nitakwenda wapi? Hii ni nyumba yangu. Wewe ndiye unayeiharibu."

Walipoondoka, Mama Getrude alifunga mlango. Alikuwa mwanamke wa kusema mara moja. Alikaa kitandani, akakunja kanga magotini.

"Baba Getrude. Wakihama hawa wawili, hakuna mwingine atakayekuja. Harufu imeshafika stendi. Na kodi ya Mngoni peke yake haitoshi kutulisha, kwa sababu shamba hatuna, tulinunua nyumba. Kwa hiyo Pasaka ikipita na vyumba viko wazi, tunafunga nyumba tunakwenda Mahenge. Kwa shemeji."

"Nyuma ya jiko," alisema mzee.

"Nyuma ya jiko."

Mzee alikiona chumba hicho akilini. Alimwona na Valentino akiwa amekaa mbele, mwema, hamtozi kodi, hamwambii neno, akimpa mgeni yeyote kiti na kusema: huyu mdogo wangu alikuwa anafuga watu.

"Kuna yale matofali," alisema Mama Getrude.

"Yale ni ya baraza."

Hapo ndipo ugonjwa wa mzee ulipokuwa. Pembeni mwa nyumba, chini ya makuti, kulikuwa na tofali za kuchoma na mifuko ya saruji aliyokusanya kidogo kidogo kwa ajili ya baraza ya mbele yenye nguzo mbili. Nyumba ya kupangisha isiyo na baraza, aliamini, ni kama mtu mwenye koti bila kola.

"Mpangaji hakai kwenye baraza yako," alisema mkewe, akazima koroboi.

Mzee alijua kwamba mkewe anasema kweli. Alijua pia kwamba kesho yake atatafuta sababu nyingine ya kungoja mwezi wa sita, kwa sababu kubomoa rundo la matofali yale na kuyapeleka chooni kulikuwa sawa na kumtangazia jirani kwamba ngazi tano zake zilikuwa akili na shimo lake lilikuwa ujinga. Mtu anaweza kuvumilia kufilisika. Kumpa Bibi Katarina ushindi ni jambo jingine.

Asubuhi ya Jumatatu waliamshwa na kilio.

Kilikuwa kilio halali cha msiba, cha sauti ya kiume, kinapanda na kukatika. Mama Getrude alitoka mbio akijifunga kanga. Mzee alifuata na kiatu kimoja. Majirani walikuwa wameshaanza kuingia, wanawake na vitenge kichwani, wanaume kofia mkononi, wanaulizana nani amefariki.

Nje ya choo, juu ya gunia lililogeuzwa, alikaa Salvatory. Amejifunga kanga kichwani, amejipaka majivu usoni, anajigonga kifua.

"Shimo letu, umetuacha na nani," alilia. "Marehemu alikuwa mrefu. Marehemu hakuwa kama vishimo vya watu. Ukitupa kokoto leo, unasikia kesho kutwa."

Mtu mmoja alianza kucheka, akaficha mdomo. Wote sasa walielewa. Mtani akiona msiba wa mtani wake ana kazi yake: huigiza marehemu, huzuia jeneza, hulala kaburini akagoma kutoka mpaka afidiwe, na wafiwa hucheka hali wana machozi. Kwamba mtu angeweza kulilia choo hakuna aliyewahi kuona, lakini hakuna pia aliyesema desturi inakataza.

Salvatory alisimama. Akaweka mikono nyuma, akasukuma tumbo mbele, akatembea hatua za Mzee Hermenegildi barabara, mpaka ule mtindo wa kusafisha koo.

"Sisi kama watu wa milimani," alisema kwa sauti ya mzee, "hatupandi ngazi kwenda chooni. Choo ndicho kinatupandia."

Bibi Katarina alishika nguzo ya ua asianguke. Balbina, aliyekuwa amevaa sare tayari kwenda kazini, alikaa chini kabisa. Hata Obadia aliweka spana kando.

Mzee alisimama na kiatu chake kimoja. Hasira ilimpanda mpaka shingoni, kisha ikakosa mahali pa kwenda. Kukasirikia utani ni kama kudai risiti ya sadaka. Na zaidi ya hayo, na hili alilikubali kwa uchungu, ile ilikuwa hatua yake hasa. Hakuwahi kujiona kwa nyuma. Alikuwa anachekesha.

"Sasa," alisema Salvatory, akivua kanga, "matanga yanataka fidia. Mfiwa atatoa nini?"

"Sina kitu, mtani," alisema mzee.

"Umesikia, mama? Mtumwa anasema hana kitu. Na yale yaliyolala chini ya makuti ni nini, ni viazi?"

Watu wote waligeuka kutazama matofali. Mama Getrude hakutazama matofali, alimtazama mumewe. Kulikuwa na ukimya mfupi, wa kweli, na katika ukimya huo mzee angeweza kusema neno na mtani angeliheshimu, kwa sababu utani pia una mahali unapoishia, na wote wawili walipajua.

"Chukua," alisema. "Lakini saruji usimwage, Mngoni. Ninyi mmezoea kubeba panya."

Salvatory alimpigia saluti. Kisha akavua shati, akabeba tofali mbili za kwanza yeye mwenyewe, akazipeleka nyuma ya nyumba kwenye sehemu iliyoinuka kidogo. Obadia alileta baiskeli ya mteja yenye kerea na kuanza kupakia. Wanaume waliokuja kwenye msiba walijikuta wanashika kazi, kwa kuwa walishaaga makwao kwamba wanakwenda msibani, na kurudi mapema kungeleta maswali. Wakapiga tuta la udongo, wakalishindilia. Wakajenga kisanduku cha matofali juu yake, kwa saruji, ndani wakakisiliba, ili maji ya chini yabaki chini na ya juu yabaki juu. Na shimo la zamani likafukiwa kwa mchanga na chokaa, kwa sababu Balbina alisimama pale mpaka akahakikisha.

Mzee alipewa kazi ya kuchanganya zege. Bibi Katarina alikuja akasimama karibu naye.

"Ngazi utaweka ngapi?" aliuliza.

"Wewe unashauri ngapi, bibi?"

Yalikuwa maneno mepesi kuyasikia, lakini Mama Getrude aliyekuwa anapita na ndoo alisimama kabisa ili ayahifadhi.

"Sita," alisema Bibi Katarina. "Mwaka huu mbaya."

Walifanya kazi kila siku mvua ilipopumua. Balbina alichangia kwa kusimamia, lakini hakusema kama amebadili nia, na hakuna aliyethubutu kumwuliza. Ijumaa Kuu alifunga godoro lake kwa kamba. Mzee alipita mlangoni akaliona limesimama ukutani kama mgeni anayengoja gari.

Jumamosi Kuu choo kilikuwa tayari kwa chini. Kwa juu matofali yalikuwa yameisha kuta zikiwa zimefika kifuani, na makuti ya kuziba juu yalikuwa bado yanaletwa. Wapangaji na majirani walikusanyika. Lilizuka swali la nani aanze.

"Mtumwa huonja kwanza," alisema Salvatory. "Ikibomoka, tumepoteza kidogo."

Hermenegildi alipanda ngazi sita, taratibu, akishika ukuta. Akasimama ndani. Kutoka kule aliona asichowahi kukiona tangu ahamie: mabati ya mtaa wote, na mashamba kwa mbali yaking'aa maji. Na mtaa wote ulimwona yeye, toka kifuani kwenda juu, kama mwanasiasa. Watu wa kwaya walikuwa wanapita kwenda mazoezini.

"Shikamoo, mzee," walisema kwa sauti moja.

"Marahaba. Hamjambo?"

"Hatujambo. Habari za huko?"

Mzee alitazama miguuni pake. Akagonga sakafu kwa kisigino, akainama, akasikiliza, akainuka.

"Huku ni kukavu," alisema.

Balbina alikuwa amekunja mikono. Alipanda yeye mwenyewe ngazi tatu, akachungulia, akanusa, akashuka. Hakusema neno la sifa.

"Makuti yawekwe leo," alimwambia Mama Getrude. "Na ndoo ya maji ya kunawa ikae hapa chini, na sabuni. Baba asipewe kazi ya kuamua chochote."

"Hapewi," alisema Mama Getrude.

"Nimesikia," alisema mzee kutoka juu.

Obadia alikwenda kuazima ngazi ya kuezekea. Balbina aliingia chumbani kwake akaanza kufungua godoro, na baada ya muda Mama Getrude alimpelekea kisu, maana kamba ilikuwa imekazwa na mtu aliyekusudia kuondoka.